Isianguke Hata Payeti Moja

Mwaka wa pili wa vikwazo, Bujumbura ilikosa vitu vingi, na mtu akivitaja sana aliambiwa anafanya siasa. Petroli iliadimika, chumvi ilipanda bei, sukari ikabaki kuwa hadithi. Kitu kimoja tu hakikukosekana, nacho ni kumeta. Majirani walikuwa wamefunga mipaka kwa hasira ya haki, lakini vitambaa vya Dubai viliendelea kuingia kupitia mpaka wa Gatumba, vimezungushiwa matumbo ya akina mama wa Uvira, ng'ambo ya Kongo, ambao walivuka asubuhi wakiwa wajawazito na kurudi jioni wembamba kama mwiko. Vitambaa vikapanda hadi Kiriri, mtaa wa wakubwa mlimani, vikakatwa, vikashonwa, vikavaliwa. Bondeni kulikuwa na vita. Kiriri kulikuwa na hafla.

Shida ya vitambaa hivyo ilikuwa gundi. Zile chembe ndogo za kumeta, ambazo mji mzima uliziita payeti, zilikuwa zimebandikwa huko zilikotoka na mtu mwenye haraka zake. Ukikaa, zinabaki kitini. Ukimkumbatia mtu, anaondoka na nusu ya nguo yako. Madamu Mathilde, mke wa mkurugenzi wa ofisi moja ya kugawa misaada, alivaa kitambaa cha aina hiyo kwenye hafla ya Pasaka, na kabla chakula hakijaisha payeti zake zilikuwa kwenye mchuzi wa mbuzi, kwenye nyusi za askofu, na kwenye ndevu za mzungu mmoja wa wafadhili, ambaye siku iliyofuata alihutubia mkutano kuhusu njaa huku akimeremeta. Wanawake wa Kiriri hawakumcheka usoni. Wana adabu zao. Walingoja ageuke. Kisha Odette, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akasema huna haja ya kuuliza Mathilde amepita wapi, fuata tu ute wake. Tangu siku hiyo akaitwa Madamu Konokono, na jina hilo lilimganda vizuri kuliko payeti zilivyoganda kwenye nguo.

Basi Madamu Mathilde, ambaye nchi ilipokuwa inaungua hakupoteza usingizi, sasa akaupoteza. Mumewe, Mkurugenzi Jovithe, alikuwa anaandaa hafla nyingine kubwa zaidi bustanini kwao, kuwapokea wafadhili walewale, na Mathilde ndiye angesoma hotuba. Kutovaa cha kumeta kungekuwa kukubali kushindwa. Kuvaa na kudondosha kungekuwa kifo. Hapo dereva wao, Pierre, akamwambia kwamba huko bondeni, mtaa wa Buyenzi, kuna mwanamke ambaye akiikaza kofia kwa wanga, unaweza kuikalia na isikunjike.

Mwanamke huyo alikuwa Assia, na kofia zake zilijulikana msikiti hadi msikiti. Alifua kofia za waumini, akazichovya kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akazivisha makopo ya bati yaliyogeuzwa juu chini, akaziacha zikauke zikiwa zimesimama wima kama viongozi. Wenye kofia walilipa kwa raha. Mwaka ule lakini mikono yake ilikuwa kazini tu. Moyo wake ulikuwa kasho, kwenye chumba cha mahabusu cha kambi moja ya jeshi upande wa kaskazini, ambako kaka yake Huseni alikuwa amelala juu ya saruji kwa siku kumi na mbili.

Huseni alikuwa fundi wa magari. Siku aliyokamatwa alikuwa amekwenda Kamenge kutengeneza gia ya basi dogo pamoja na Divin, fundi mwenzake, Mkongo aliyekimbia vita kwao akaja kujihifadhi kwenye vita vya wenzake. Wakakutwa na msako. Askari wakafungua sanduku la vifaa, wakaona betri na nyaya, wakasema hawa wanawapelekea waasi. Fundi wa magari asiye na betri na nyaya angekuwa fundi wa nini, hakuna aliyeuliza. Wote wawili wakatupwa kasho moja.

Mke wa Divin, Irène, alikuwa msusi, na alipanga chumba ua mmoja na Assia. Tangu wanaume hao walipokamatwa, kikapu cha chakula kilikuwa kimoja: leo wali wa Assia, kesho bugali wa Irène, na mlinzi wa lango anakula nusu ya kila siku bila kubagua dini. Irène alimwita Assia yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Walikubaliana kwamba mlango wowote utakaofunguka, watautumia kuwatoa wote wawili.

Mlango ulifunguka Kiriri. Pierre alimpeleka Assia kwa gari la ofisi, lenye maandishi ya msaada ubavuni, hadi sebuleni kwa Madamu, ambako aliachwa amesimama ili asichafue kiti.

"We njo fundi ya kofia?" aliuliza Mathilde.

"Ndiyo, Madamu."

"Mi sina kofia. Niko na hii." Akaonyesha kitambaa cha dhahabu, mita saba, cha kushona imvutano, vazi la heshima la wanawake wa Burundi, linalofungwa begani na kuachwa litiririke hadi miguuni. Alipokigusa tu, payeti kama ishirini zikaruka zikatua kwenye zulia. Mathilde akazitazama kwa chuki ya mtu anayewatazama maadui wake wamemkalia nyumbani. "Unawona? Mi sitaki payeti hata moja ianguke. Jamais! Hata moja. Utaweza?"

Assia hakujua kama ataweza. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama. "Nitaweza, Madamu. Ila mi sitaki feza. Niko na kaka yangu mu kasho, na bwana ya rafiki yangu. Bote bawili banafungwa bure. Wewe ukisema neno moja kwa wakubwa..."

"Bawili?" Mathilde alishangaa kweli, kama mtu aliyetajiwa bei ya wizi. "Unanishonea nguo ngapi?"

"Moja, Madamu."

"Voilà. Nguo moja, mutu moja. Na kama payeti inaanguka, apana mutu."

Njia nzima ya kurudi Assia alilikunja neno hilo na kulikunjua. Irène alimngoja mlangoni na kitana mkononi. "Anasema nini, yaya?"

"Anasikia," alijibu Assia. Huo haukuwa uongo. Masikio Madamu alikuwa nayo. Akajiambia kwamba nguo ikifana ataomba tena, na aliyeshiba hafla huwa na moyo mpana. Irène akamkumbatia, akaingia kazini papo hapo.

Walianza na kipande cha pembeni. Irène alileta laki ya nywele, nusu kopo aliyokuwa akiitunza kwa maharusi, wakaipuliza yote. Payeti zilishika, lakini kitambaa kikawa cha manjano na kikanuka saluni. Wakajaribu gundi ya mbao. Kitambaa kikashika vizuri sana, na meza, wakalazimika kukikata. Wakajaribu wanga mtupu, payeti zikatulia, ila zikapata ukungu kama jicho lenye mtoto. Dhahabu ya Madamu ikawa rangi ya uji.

Assia akakaa chini akafikiri, kisha akaamua kutoa siri yake. Siri ya kofia zake haikuwa wanga. Ilikuwa kijiko cha sukari ndani ya wanga. Sukari ndiyo inayokausha kofia ikang'aa kama kioo, ikashika kila uzi. Siku za vikwazo alikuwa ameipunguza hadi nusu kijiko, kisha robo, na wanaume wa Buyenzi walianza kuinamisha vichwa bila kujua kwa nini.

Akapiga hesabu. Imvutano moja ni sawa na kofia mia moja. Kofia moja kijiko kimoja; imvutano, vijiko mia, kilo na kitu. Hesabu haikuwa na kosa hata chembe. Kosa lilikuwa kwamba ni hesabu ya Buyenzi, mahali pasipo na bustani, ambapo kitu pekee kinachofuata kofia tamu ni nzi, na nzi wa Buyenzi wana shughuli nyingine za kufanya. Kuhusu Kiriri na maua yake Assia hakuwahi kufikiria. Maua angeyafikiria lini?

Akapanda tena mlimani kuomba kilo moja na nusu, akijua anaomba mwezi wa angani. Mathilde alicheka. Kesho yake Pierre akashusha Buyenzi gunia la kilo ishirini na tano. Ubavuni kulikuwa na maandishi mekundu: si ya kuuzwa, ni ya watu waliohamishwa na vita.

"Astaghfirullah," alisema Assia. "Pierre, hii ni ya bale ba kambini."

"Ilikuwa," alisema Pierre, akijifuta jasho. "Mi mwenyewe nimepeleka mu nyumba tano za wakubwa. Hata Komanda ya ile kambi ya jeshi, ya kasho yenu, alipata. Ye alipata mbili."

Assia alilitazama gunia kwa muda. Alikuwa mwanamke wa sala tano, wala simtetei. Aligeuza upande wenye maandishi ukaangalia ukuta, akasema bismillah, akapima vijiko mia. Kisha, kwa kuwa gunia lilikuwa tayari limefunguliwa, akachemsha chai. Irène akaletewa bakuli, jirani wa mbele akaletewa bakuli, na jioni hiyo barabara nzima ilikunywa chai ya watu wa kambini ikisema Mungu ni mkubwa. Tamu ni tamu.

Sasa palibaki jambo moja. Kofia hukaukia kwenye kopo ili ishike umbo la kichwa. Imvutano itakaukia wapi? Kopo la ukubwa wa Madamu halikuwepo. Irène akavua viatu.

"Mi nitakuwa kopo," alisema.

Wakamfunga mito miwili kiunoni na blanketi kifuani, maana Irène alikuwa mwembamba na Madamu alikuwa Madamu. Wakamvika kitambaa kibichi kinachonata, Assia akakipanga mkunjo kwa mkunjo, Irène akasimama katikati ya ua na mikono mbali na mwili. Alisimama tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Hakukaa, hakujikuna. Nzi walimtembelea usoni, Assia akawapunga kwa ufagio. Watoto wa barabara walikuja wakadhani ni sanamu ya kanisani. Mara moja tu miguu ilimtetemeka, Assia akamwambia apumzike. Akakataa. "Divin analala chini siku kumi na kenda. Mi nishindwe kusimama?"

Assia alitazama pembeni. Hapo angeweza kusema lile neno la nguo moja, mutu moja. Akanyoosha mkunjo mwingine.

Walipomtoa, walimtoa kama punje kwenye ganda. Imvutano ilibaki imesimama peke yake, ya dhahabu, tupu, inang'aa kupita bilauri. Waliitikisa. Waliipiga kwa kiganja. Assia alitandika shuka jeupe, wakaivingirisha juu yake kama pipa, kisha wakapiga magoti kukagua. Shuka lilikuwa jeupe pe. Irène akalia kwa furaha.

Kwa kuwa haikunjiki, nguo ilisafirishwa imeketishwa kiti cha nyuma, imefunikwa kitenge. Kwenye barieri ya barabara ya mlimani askari aliinama dirishani akauliza ni nani huyo asiyesalimu watu. "Ni Madamu ya Mkurugenzi," alijibu Pierre. Askari akapiga saluti. Assia, mwenye kichwa na mwili na salamu, ndiye aliyeombwa kitambulisho.

Jumamosi, saa nane mchana, bustani ya Kiriri ilijaa. Bugenvilia zilichanua ukutani, mawaridi yalipangwa kwa rangi, ziwa likionekana kwa mbali chini, na juu ya turubai ya hafla kulikuwa na jua kali. Assia aliambiwa asimame nyuma ya meza ya vinywaji na sindano yake, kwa dharura. Aliweza kuwaona wote: askofu, Odette katika nguo ya bluu isiyodondosha lolote, mzungu wa ndevu, na karibu na keki, mtu mfupi mwenye kofia ya kijeshi mapajani, ambaye Pierre alimnong'oneza ndiye Komanda.

Madamu Mathilde akatokea. Imvutano huwa inatiririka, yake ilimsindikiza. Akigeuka, yeye anatangulia, nguo inamfuata baadaye. Kukaa hakuweza, kwa hiyo alitangaza kwamba leo atasimama kwa heshima ya waliokufa, watu wakapiga makofi. Alimkumbatia Odette kwa nguvu, mara mbili, makusudi, kisha akaukagua ubavu wa bluu wa adui yake mbele ya watu. Hakukuwa na hata payeti moja. Assia akapumua. Huseni yuko nje, aliwaza, na macho yakamlowa.

Mathilde akafungua karatasi. Kwa Kifaransa kizuri alisema juu ya ndugu zetu walio kambini, watoto wasiojua ladha ya sukari, na akaweka mkono kifuani akasema kwamba yeye na mumewe, kwa kuungana na mateso hayo, wana miezi miwili wanakunywa chai chungu. "Hakuna kijiko cha sukari ndani ya nyumba hii," alisema. Waliosikia walitikisa vichwa kwa huzuni, na waliotikisa zaidi ndio waliokuwa na magunia.

Nyuki wa kwanza alitua begani pake kwenye neno "mateso."

Alimpunga. Akaja wa pili, na wa tatu. Jua lilikuwa linapiga, jasho la Madamu linafanya kazi kutoka ndani, na ile dhahabu ilianza kulainika na kutoa harufu ya peremende. Mawaridi ya Kiriri, yaliyomwagiliwa kila siku wakati bondeni watu wanapigania bomba, yaliachwa na nyuki yakabaki peke yake. Kufikia "mshikamano" walikuwa arobaini. Kufikia "kwa hitimisho" mgongo wa Madamu ulikuwa unatembea. Yeye mwenyewe hakutembea, kwa sababu alijua wanawake wa Kiriri wanamtazama, na kati ya kuumwa na kuchekwa alikuwa ameshachagua. Askofu akasema hajawahi kuona utulivu wa namna hiyo.

Mzungu wa ndevu ndiye aliyesogea. Ilivyotokea, baba yake alikuwa na mizinga kwao, na nyuki kwake hawakuwa balaa bali wenzake. Alizunguka nguo kwa furaha ya mtoto. "Hawa wamefuata chakula," alisema kwa Kifaransa. "Kuna nini ndani ya kitambaa?"

"Fundi yake yuko pale," alisema Odette kwa sauti ya asali. "Muulizeni."

Bustani nzima ikageuka. Mkurugenzi Jovithe alimfikia Assia kwa hatua tatu, jasho limemtoka juu ya mdomo, na kwa kuwa mzungu hakujua Kiswahili, alimwambia wazi mbele ya wote: "Sema ni marashi. Sema ni marashi, mama, nakuomba."

Nakuomba! Siku ishirini na zaidi Assia alikuwa ameomba kila mtu mwenye vifungo vya shaba, na sasa neno hilo lilikuwa linamjia yeye. Aliogopa, lakini ulimi haukulegea.

"Mukubwa," alisema polepole, "mi siwezi kusahau kitu yenye ilikuwa ndani. Ilitoka mu gunia. Pierre ananiambia magunia ilienda mu nyumba tano, na benye nyumba batatu minabaona hapa."

"Anasema nini?" aliuliza mzungu.

"Anasema," alitafsiri Jovithe, na sauti yake ikapasuka katikati, "kitambaa kimechemshwa na maua ya aina tano. Ya asili. Aina tatu ziko humu humu bustanini."

"Ajabu!" alisema mzungu, akatoa daftari. "Na maandishi yake? Yaani, ameandika mahali jinsi anavyoyachemsha?"

"Iko maandishi," alijibu Assia, alipoulizwa. "Mekundu. Ku gunia. Nimeliweka muzuri nyumbani." Hakusema kwamba nusu ya gunia ilikuwa tumboni mwa barabara yake, na yeye mwenyewe vikombe vinne. Mwenye haki kamili bustanini mle hakuwepo hata mmoja, labda nyuki.

Komanda aliinuka. Alikuwa mtu wa kazi, na alielewa haraka kuliko wakurugenzi. Alimjia Assia akisogea taratibu, kofia ameshaivaa, akasema chini chini: "We mama unataka nini?"

"Kaka yangu iko mu kasho yako, afande. Hana kosa."

"Jina?"

"Huseni. Huseni mutoto ya Atumani."

Komanda akatoa kalamu, akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko, kwenye karatasi nene yenye ukingo wa dhahabu. Akatia saini. Kisha akamtazama, kalamu bado iko juu ya kadi, akauliza, wala hakuuliza kwa ukali:

"Ni uyo tu?"

Wakati ule, na Mungu ni shahidi, Assia alikuwa ameishika serikali nzima ya bustani ile kooni. Angetaja majina kumi, yangeandikwa kumi. Angetaja la Divin, wino ulikuwa haujakauka. Lakini Divin ni jina la Mkongo, na Mkongo angeulizwa karatasi, na karatasi zingeleta maswali, na maswali yangeweza kumrudia Huseni aliyekuwa tayari ameandikwa. Na tena aliambiwa nguo moja mutu moja, na maskini akishapangiwa kipimo hukibeba kichwani hata siku ambayo mwenye kipimo amefungwa mdomo.

"Ni uyo tu, afande," alisema Assia.

Komanda akampa kadi. Mzungu aliandika daftarini kwamba ni marashi ya jadi. Walinzi wakachoma majani ya mikaratusi, wakamfukiza Madamu kama samaki mukeke wa kukaushwa hadi nyuki wakaondoka, naye akatoka kwenye moshi macho mekundu, shingo imevimba sehemu mbili, anakohoa, na anamwambia Odette kwa kiburi: "Lakini haikuanguka hata moja." Kwa hilo alisema kweli. Payeti zote zilikuwepo.

Assia hakungoja gari. Alishuka mlima kwa miguu, kadi ameifunga kwenye pindo la mtandio, akavuka mji hadi kambini. Mlinzi yule aliyekula nusu ya wali alisoma saini, akasimama wima, akaita jina. Huseni akatoka akikunja macho kwa mwanga, ndevu zimemjaa, harufu yake imetangulia. Nyuma yake, kwenye dirisha dogo la chuma, kulikuwa na nyuso nyingi zimebanana. Assia hakuinua kichwa kutafuta uso wowote. Alimshika kaka yake mkono, wakaondoka haraka, kwa sababu saa ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia, na kwa sababu nyingine pia.

Njiani Huseni alisema maneno machache. Alisema saruji ni baridi kuliko mtu anavyofikiri. Alisema usiku walilala mgongo kwa mgongo yeye na Divin, la sivyo angekuwa ameshakufa kifua. Kisha akauliza, "Divin anatoka kesho?" Assia akasema wafanye haraka.

Irène alikuwa amekaa mbele ya ua. Visigino vilikuwa bado vimemvimba tangu siku ya kusimama. Alipowaona kwa mbali aliinuka, akaanza kukimbia, akicheka, kisha akawa anatembea, kisha akasimama. Aliwahesabu tena, ingawa wawili si hesabu ngumu.

"Huseni. Mungu asifiwe," alisema. Akamgeukia Assia. "Na Divin, yaya? Ulisema jina yake?"

Huseni naye alimtazama dada yake, akingoja.

"Nilisema," alijibu Assia. "Nilisema yote mbili. Banakatala."

 Irène akamshika Assia mikono yote miwili, akaibana kwenye kifua chake. "Asante, yaya. Ulijaribu. Mwingine asingeitaja," alisema. Akaingia ndani kumchemshia Huseni maji ya kuoga.